Mlinganyo upi kwa swali lipi: kulinganisha njia za kukadiria tabia za michanganyiko ya mafuta

Chukua tangi la dizeli lililosimama juani upande wa Raskazone, hapa Tanga. Limepimwa saa nane mchana, mafuta yakiwa na nyuzijoto 31 za Selsiasi, na kipimo kikasoma mita za ujazo 10,000. Mahali popote ambapo mauzo hufanywa kwa halijoto ya rejea ya nyuzi 15, tangi hilo halitahesabiwa kuwa na mita 10,000. Ikiwa densiti ya dizeli hiyo katika nyuzi 15 ni kilo 840 kwa mita ya ujazo, ujazo utakaoandikwa ni mita 9,864 na nusu hivi, na pengo la mita 135 linakaribia malori manne ya lita 36,000 kila moja. Hakuna tone lililovuja wala mtu aliyeiba. Mafuta yametanuka kwa joto la pwani, na yakirudi kwenye nyuzi 15 yatasinyaa yatoshee kwenye hesabu.

Nimeanza na tangi hilo kwa sababu kila anayefanya kazi na mafuta anakadiria tabia za thamodinamiki, hata kama hajawahi kulitamka neno hilo. Anataka kujua ujazo utakuwa kiasi gani joto likibadilika, mvuke utasukuma kifuniko kwa nguvu gani, ni joto kiasi gani litahitajika kuyapasha mafuta mazito, au mchanganyiko utaanza kuchemka katika nyuzi ngapi. Njia za kujibu maswali haya ni nyingi, na programu za kompyuta zinazifungua zote kwa kubofya mara moja. Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza ipi ni bora. Ninawajibu kwamba swali hilo halijibiki mpaka waseme wanatafuta nini, kwa kuwa mlinganyo mmoja unaweza kuwa sahihi kabisa katika kanieneo ya mvuke na wakati huohuo ukakosea densiti kwa zaidi ya asilimia 15, ndani ya jedwali lilelile la majibu.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Kijana mmoja aliyekuwa chini yangu katika mafunzo ya vitendo alinijia na karatasi mkononi, akaamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nadhani haidromita yetu imeharibika." Haidromita ilikuwa imesoma dizeli karibu na 840, na programu yake ilikuwa imetoa 700 hivi. Nilimwomba aoshe silinda ya kioo, ajaze upya, aizungushe haidromita kidogo ili mapovu yaachane nayo, kisha asome pale uso wa mafuta unapokata kipimo, macho yake yakiwa sawa na uso huo. Ikasoma vilevile. "Haidromita haina kosa, mwanangu," nilimwambia, "hebu tuangalie ulichagua mlinganyo gani." Alikuwa ameuacha ule uliokuja na programu, yaani wa Soave. Kwa tangi la mita 10,000, chaguo hilo lingefuta zaidi ya tani elfu moja za mafuta kwenye karatasi.

Densiti

Milinganyo ya hali ya aina hii, yaani ile inayounganisha kanieneo, ujazo na halijoto ya kitu, ina ukoo mrefu. Van der Waals aliandika wa kwanza mwaka 1873. Redlich na Kwong wakauboresha mwaka 1949. Giorgio Soave akauboresha tena mwaka 1972. Na Ding-Yu Peng na Donald Robinson, katika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, wakatoa wao mwaka 1976. Yote huitwa milinganyo ya kipeo cha tatu, kwa kuwa ukiifungua unapata mlinganyo wa ujazo wenye vipeo mpaka tatu, ambao jibu lake dogo ni ujazo wa kimiminika na jibu kubwa ni ujazo wa mvuke. Inahitaji vitu vitatu tu kwa kila kiambato. Cha kwanza ni halijoto ya ukomo, yaani ile ambayo ikipitwa mvuke haugeuki tena kuwa kimiminika hata ukandamizwe vipi. Cha pili ni kanieneo ya ukomo. Cha tatu ni kigezo kilichopendekezwa na Pitzer mwaka 1955, kinachotokana na kanieneo ya mvuke na kuonyesha molekuli imeachana kiasi gani na umbo la mpira.

Udhaifu wa milinganyo hii katika densiti unaonekana waziwazi ukiipima kwa vimiminika viwili safi ambavyo densiti zake zinajulikana vizuri. Heptani, yenye kaboni saba, ina kilo 680 kwa mita ya ujazo katika nyuzi 25, na dekani, yenye kaboni kumi, ina kilo 726. Nimezifanya hesabu hizi kwa mkono, hatua kwa hatua, na matokeo nimeyaweka kwenye jedwali hili.

| Njia | Heptani | Dekani |
|---|---|---|
| Kipimo halisi | 680 | 726 |
| Soave | 597 | 600 |
| Peng na Robinson | 672 | 673 |
| Soave pamoja na marekebisho ya Péneloux | 690 | 734 |
| COSTALD | 678 | 727 |

Angalia safu ya Peng na Robinson kwa makini. Kwa heptani kosa ni karibu asilimia moja tu, na mtu angeweza kuridhika akafunga daftari. Lakini kwa dekani kosa limepanda hadi asilimia saba, na jambo baya zaidi ni kwamba mlinganyo unaviona vimiminika viwili tofauti kana kwamba vina densiti moja. Soave naye anaviona vilevile, ila anavishusha vyote viwili, kimoja kwa asilimia 12 na kingine kwa 17. Dizeli ina viambato vizito kuliko dekani, na ndiyo maana kijana wangu alipotezwa kiasi kile. Sababu iko ndani ya umbo la mlinganyo wenyewe. Kila mlinganyo wa aina hii unalazimisha uwiano mmoja wa ujazo, kanieneo na halijoto katika ncha ya ukomo kwa vitu vyote duniani: Soave 0.333, Peng na Robinson 0.307. Heptani halisi ina takriban 0.26, na kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka ndivyo uwiano huo unavyoshuka. Nguo ya kipimo kimoja imeshonwa, na mwili unazidi kwenda mbali na kipimo hicho.

Marekebisho ya Péneloux ya mwaka 1982 yanautibu ugonjwa huu kwa njia ambayo mimi naiheshimu sana. Unatoa kiasi maalumu kutoka kwenye ujazo uliokokotolewa, kiasi kimoja kwa kila kiambato, basi. Kwa kuwa kiasi hicho kinaondolewa sawasawa kwenye mvuke na kwenye kimiminika, msawazo kati ya viwili hivyo haubadiliki hata kidogo, na kile ambacho mlinganyo ulikuwa unakifanya vizuri kinabaki salama. Kosa la asilimia 12 na 17 linashuka hadi asilimia moja au mbili. Mtu anayelazimika kutumia Soave au Peng na Robinson katika mtambo mzima, kwa sababu programu inataka mlinganyo mmoja kila mahali, asiache kuwasha marekebisho hayo. Mara nyingi ni kisanduku kidogo tu cha kutia alama.

COSTALD ni jamii nyingine kabisa. Hankinson na Thomson waliitoa mwaka 1979 kwa kazi moja tu, ujazo wa vimiminika, na kwa hiyo haijibu chochote kuhusu mvuke. Kila kiambato kina ujazo wake maalumu, ambao kwa heptani ni lita 0.4304 kwa moli, pamoja na halijoto ya ukomo na kigezo cha umbo. Ukiviweka pamoja unapata densiti yenye kosa la chini ya nusu ya asilimia kwa haidrokaboni nyingi, na kwa heptani na dekani kosa ni karibu asilimia 0.2. Mwaka 1982 iliongezwa sehemu inayoshughulikia vimiminika vilivyokandamizwa kwa pampu. Njia ya Rackett ya mwaka 1970 ni ndugu yake, nyepesi zaidi kuandika, nayo inafaa pale unapotaka hesabu ya haraka kwenye karatasi na kosa la asilimia moja halikuumizi.

Hata hivyo, kwa biashara ya bohari ya mafuta, COSTALD nayo haitoshi, na hapa ndipo wasomi wengi hawapendi kunisikiliza. Asilimia 0.2 ya mita 10,000 ni lita 20,000. Kwa kazi hiyo, chagua majedwali ya marekebisho ya ujazo ya ASTM na API, mashirika ya Marekani ya viwango na ya mafuta, yale ya kiwango namba D1250, ambayo toleo lake la mwaka 1980 lilijengwa juu ya vipimo vya sampuli nyingi za mafuta halisi. Kwa mafuta ya kundi la dizeli, yenye densiti kuanzia 838 katika nyuzi 15, kizidishi cha mtanuko ni 186.9696 ikigawanywa kwa mraba wa densiti, jumlisha 0.4862 ikigawanywa kwa densiti. Kwa 840 unapata 0.000844 kwa kila digrii. Petroli ina namba zake, na petroli ya densiti 740 hutanuka kwa 0.001226 kwa kila digrii, yaani karibu mara moja na nusu ya dizeli. Tangi lilelile la mita 10,000 katika nyuzi 31 lingepungukiwa na mita 197 badala ya 135. Hesabu hii haijui lolote kuhusu molekuli, haihitaji kompyuta, na inaishinda milinganyo yote ya kisasa katika uwanja wake mdogo.

Jambo linaloamua usahihi wa majedwali haya ni kipimajoto chako. Kosa la digrii moja katika kusoma joto la tangi hilo lina thamani ya lita 8,500 hivi. Nyakati za kaskazi, Januari na Februari, tabaka la juu la tangi linaweza kuwa na joto zaidi kuliko la chini, na anayeshusha kipimajoto hatua mbili tu, akakivuta kabla hakijatulia, anaharibu kwa sekunde chache kile ambacho majedwali yalikilinda. Shusha juu, kati na chini, subiri, soma haraka kabla upepo wa baharini haujakipoza, kisha chukua wastani. Na kabla ya kulinganisha namba zako na za mwenzako, muulize anatumia halijoto ipi ya rejea, maana yapo majedwali ya nyuzi 15 na yapo ya nyuzi 20, na nimeona ugomvi mrefu ukimalizwa na swali hilo moja.

Kuna mtego mwingine katika densiti ya michanganyiko. Wengi huchukulia kwamba ukichanganya lita 50 za kitu kimoja na lita 50 za kingine utapata lita 100. Kwa haidrokaboni zinazofanana, heksani na heptani kwa mfano, dhana hiyo haina madhara. Lakini benzeni na saikloheksani, ambazo zote ni pete za kaboni sita, zikichanganywa moli kwa moli katika nyuzi 25, hutanuka kwa sentimita za ujazo 0.65 kwa kila moli, yaani lita 100 zinakuwa lita 100.66. Pete bapa za benzeni zilikuwa zimepangana kwa namna yao, na saikloheksani imeingia katikati ikauvuruga mpango huo. Kujumlisha ujazo hakuwezi kukuambia hili, na COSTALD nayo haitakuambia. Ukifanya kazi na vimumunyisho vyenye aromatiki nyingi, yaani haidrokaboni zenye pete kama ya benzeni, pima.

Mvuke na kimiminika

Hapa mambo yanageuka. Soave aliuandika mlinganyo wake hasa ili kanieneo za mvuke za haidrokaboni zitoke sawasawa, na Peng na Robinson walifuata nyayo zake. Kwa mnara wa kukeneka, kwa tangi la gesi ya kupikia, au kwa kukadiria kiasi gani cha viambato vyepesi kitatoroka, milinganyo hii miwili ndiyo chaguo la kwanza, na kati yao tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba sioni sababu ya kubishana. Mimi huchagua Peng na Robinson kwa sababu densiti yake ni afadhali kidogo, si kwa sababu ya mvuke.

Chukua mtungi wa gesi ya kupikia, uliojaa propani na butani nusu kwa nusu kwa moli, katika nyuzi 30. Propani safi katika joto hilo ina kanieneo ya takriban bar 10.8, na butani ya kawaida bar 2.8. Sheria ya Raoult, ambayo ndiyo njia rahisi kuliko zote, inazidisha kila kanieneo kwa sehemu ya moli na kujumlisha, ikatoa bar 6.8. Jibu hilo linakaribia ukweli vya kutosha kwa kujua kama vali itahimili. Katika kanieneo ndogo sheria hii ni nzuri zaidi: heksani na heptani, nusu kwa nusu katika nyuzi 25, zikiwa na kilopaskali 20.2 na 6.1, zinatoa 13.15, na mvuke wake una heksani asilimia 77. Mwalimu wa sekondari anaweza kuifundisha hesabu hii ubaoni na isiwe ya kudanganya. Lakini kanieneo ikipanda mvuke huacha kuwa gesi bora, yaani ile ya kinadharia ambayo molekuli zake hazivutani, na hapo Peng na Robinson huchukua nafasi bila mjadala.

Kuna namba moja inayoitwa kizidishi cha mwingiliano, ambayo huingizwa kwa kila jozi ya viambato. Kati ya haidrokaboni zilizo jirani ni karibu na sifuri, na unaweza kuiacha. Kati ya kaboni dioksidi na haidrokaboni ni karibu 0.1, na ukiiacha utapata majibu mabaya. Programu nyingi huweka sifuri kimyakimya pale zinapokosa namba, bila kukuonya. Fungua jedwali hilo ulisome kabla ya kuamini chochote.

Rudi kwenye benzeni na saikloheksani. Moja huchemka katika nyuzi 80.1, nyingine katika 80.7, na mtu angetarajia mchanganyiko wao uchemke katikati ya hapo. Badala yake huchemka karibu na nyuzi 77.5, chini ya zote mbili, ukiwa azeotropu, yaani mchanganyiko unaochemka kana kwamba ni kitu kimoja, ambayo mnara wa kawaida wa kukeneka hauwezi kuitenganisha. Raoult haioni azeotropu kamwe, kwa asili yake. Peng na Robinson wataiona ukiwapa kizidishi cha mwingiliano kilichotokana na vipimo. Usipokuwa na vipimo, nenda kwenye UNIFAC.

UNIFAC ilitolewa mwaka 1975 na Fredenslund, Jones na Prausnitz, na wazo lake ni zuri mno. Molekuli inavunjwa kuwa vikundi, na mwingiliano hupimwa kati ya vikundi, si kati ya molekuli nzima. Heptani ni vikundi viwili vya mwisho vyenye haidrojeni tatu na vikundi vitano vya kati vyenye haidrojeni mbili. Ethanoli ina kikundi chake cha oksijeni na haidrojeni. Kwa vikundi vichache unajenga maelfu ya michanganyiko ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Mahali UNIFAC inapoonyesha thamani yake kamili ni petroli iliyochanganywa na ethanoli. Ethanoli safi ina kanieneo ndogo ya mvuke kuliko petroli, na Raoult itasema kwamba kuiongeza kutashusha kanieneo. Ukweli ni kinyume: asilimia 10 ya ethanoli kwenye petroli huipandisha kwa karibu kilopaskali 7 katika kipimo cha kawaida cha nyuzi 37.8, kwa sababu molekuli za ethanoli zilizotawanyika katikati ya haidrokaboni hukosa wenzao wa kushikana nao, nazo hukimbilia nje. Kwa mwenye kituo katika joto la Tanga, makadirio ya Raoult hapo ni ya hatari, si ya kukosea tu. UNIFAC haikupi densiti wala haifai katika kanieneo kubwa, lakini katika swali hili haina mpinzani miongoni mwa njia ambazo hazihitaji vipimo.

Joto

Katika joto naweza kuwa mfupi. Kwa enthalpi za haidrokaboni, yaani kiasi cha joto zinachobeba, njia ya Lee na Kesler ya mwaka 1975 ndiyo ninayoipendekeza. Inalinganisha kila kitu na vimiminika viwili vya rejea, kimoja chepesi chenye molekuli za mviringo na kingine oktani, kisha inapima kiambato chako kiko wapi kati yake. Kwa michanganyiko, tumia kanuni zilizoongezwa na Plöcker, Knapp na Prausnitz mwaka 1978. Peng na Robinson hutoa enthalpi inayotumika katika kazi nyingi, lakini kasi ya sauti na kubanika kwa kimiminika hukosewa sana, na anayesanifu bomba lenye mapigo ya pampu asiitumie kwa hayo.

Ukubwa wa kosa linalovumilika hapa ni tofauti na katika densiti. Kupasha tani 1,000 za mafuta kwa digrii 10, kila kilo ikichukua kilojuli 2 kwa digrii, kunahitaji gigajuli 20, yaani kilowati-saa 5,556. Kosa la asilimia tano ni kilowati-saa 278, gharama ambayo hita yenye akiba kidogo inaimeza. Kosa lilelile katika ujazo wa shehena lingeleta mawakili.

Minyororo mirefu, na swali la Chongoleani

Ng'ambo ya ghuba yetu, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mafuta hayo yana nta nyingi, na bomba limesanifiwa kwa matabaka ya kuzuia joto pamoja na mfumo wa kupasha ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Mtu wa Tanga anayejifunza fani hii ana sababu ya kujali minyororo mirefu kuliko mwanafunzi wa mahali pengine popote, na hapa orodha ya chaguo hubadilika.

Kwanza, mafuta ghafi hayana orodha ya viambato. Una mkunjo wa ukenekaji, yaani mchoro wa kiasi kinachochemka kadiri joto linavyopanda, na densiti, basi. Unayakata kuwa vipande, kila kipande kikiwa na kiwango chake cha kuchemka, na unakadiria halijoto na kanieneo ya ukomo kwa kanuni za Kesler na Lee za mwaka 1976, au za Riazi na Daubert za mwaka 1980, au za Twu za mwaka 1984. Kosa lolote la hatua hii linaingia katika kila jibu linalofuata, na hakuna mlinganyo mzuri unaoweza kuliondoa. Angalia kipimo cha Watson, ambacho ni kipeuo cha tatu cha halijoto ya kuchemka kwa digrii za Rankine (digrii za Farenhaiti zinazohesabiwa kuanzia sifuri halisi), kikigawanywa kwa uzito mahsusi: kikikaribia 12.5 au 13 una parafini nyingi, yaani haidrokaboni za mnyororo, kikishuka kuelekea 10 una aromatiki. Kipande chenye kipimo kinachoruka ghafla kutoka kwa jirani zake kimepimwa vibaya au kimeandikwa vibaya.

Pili, GERG-2008, mlinganyo sahihi kuliko yote niliyoitaja kwa gesi asilia na vimiminika vyake vyepesi, hauingii hapa. Una viambato 21, na mzito kuliko vyote ni dekani. Kwa gesi yenye methani karibu tupu kama ya Songo Songo ni chaguo bora, na programu huria ya CoolProp inatoa milinganyo ya jamii hiyo bila malipo. Kwa mafuta yenye nta, uache.

Tatu, PC-SAFT, iliyotolewa na Gross na Sadowski mwaka 2001, inaichukulia molekuli kama mnyororo wa shanga zilizoungana. Kila kiambato kina idadi ya shanga, kipenyo cha shanga na nguvu ya mvutano. Heptani ina shanga 3.4831 na dekani 4.6627, na kipenyo karibu hakibadiliki. Kwa kuwa idadi hupanda kwa hatua zinazotabirika, unaweza kukadiria vigezo vya mnyororo wa kaboni 30 ambao hakuna mtu amewahi kuupeleka kwenye ncha yake ya ukomo bila kuuvunja kwa joto. Milinganyo ya kipeo cha tatu inategemea ncha hiyo ambayo kwa molekuli kubwa haipimiki, na hapo PC-SAFT inawaacha nyuma kwa densiti na kwa kanieneo kubwa. Gharama yake ni hesabu nzito, na vigezo ambavyo huwezi kuvikagua kwa macho kama unavyoikagua halijoto ya ukomo. Kwa petroli na dizeli za kawaida sioni haja yake.

Hata PC-SAFT, hata hivyo, haitasema yenyewe nta itaanza kuganda lini, kwa kuwa kuganda ni msawazo na kigumu, na kigumu kinahitaji namba zake. Ikosani, parafini yenye kaboni 20, huyeyuka karibu na nyuzi 37 na huchukua kilojuli 70 hivi kwa moli; ile yenye kaboni 24 huyeyuka karibu na nyuzi 51. Kwa namba hizo mbili za ikosani pekee, hesabu ya umumunyifu bora inasema kwamba katika nyuzi 25 mafuta mepesi yanaweza kuibeba mpaka sehemu 0.35 ya moli, na katika nyuzi 15 sehemu 0.13 tu. Digrii kumi zimeondoa karibu theluthi mbili ya uwezo wa kubeba nta. Anza na hesabu hiyo, ambayo inatosha nusu ukurasa, uifanye kwa kila parafini unayojua kiasi chake, kisha tumia PC-SAFT au Peng na Robinson kurekebisha upande wa kimiminika. Baada ya hapo omba sampuli, uipoze taratibu ndani ya chupa ya kioo ukiitazama dhidi ya mwanga, na uandike nyuzi ambayo wingu la kwanza linaonekana. Makadirio yako yakitofautiana na wingu hilo kwa zaidi ya digrii tano, rudi kwenye vipande vya ukenekaji kabla hujagusa mlinganyo.